Gunia Lililoloa Halitibiwi kwa OTC

Kila masika swali ni lilelile: nichanganye OTC, yaani dawa ya oksitetrasaiklini, vijiko vingapi kwenye gunia la chakula cha kuku, au ninyunyize kiasi gani kwenye matandazo, ili niue bakteria? Linaulizwa Ifakara, linaulizwa Mang'ula, linaulizwa Mlimba, na anayeuliza anataka idadi ya vijiko tu. Idadi hiyo haipo. Dawa hiyo haisafishi chakula wala matandazo, hata ukimwaga pakiti nzima.

Oksitetrasaiklini kwa kawaida haiui bakteria. Inawazuia kutengeneza protini, wanashindwa kuongezeka, kisha kinga ya kuku inamalizia kazi. Gunia halina kinga. Tena bakteria waliomo kwenye pumba kavu au unga wa dagaa hawazaliani, wametulia tu; salmonela huweza kukaa humo miezi mingi akiwa hai, na dawa ya kuzuia kuzaliana haina cha kumzuia. Siku kifaranga anapommeza ndipo salmonela anapopata joto na maji ya kumwamsha. Kwenye matandazo ni hasara zaidi, maana mwanga na unyevu vinaivunja dawa huku kinyesi kipya kikidondoka juu yake mchana na usiku.

Wapo wanaojibu kwamba basi dawa itafanya kazi tumboni mwa kuku. Hata huko mnaipoteza. Chakula cha kuku wa mayai kina madini mengi ya kalisi, kwa sababu ya chokaa na maganda ya konokono tunayoweka ili gamba la yai liwe gumu, na kalisi hushikamana na oksitetrasaiklini hata sehemu kubwa ya dawa ikapita utumbo mzima bila kuingia kwenye damu. Halafu kipimo cha dawa hufuata uzito wa kuku, wala si uzito wa gunia. Ukichanganya kwa koleo sakafuni, kuku mmoja anakula dawa nyingi na mwenzake anakula pumba tupu. Na aliye mgonjwa, ambaye ndiye mwenye shida, mara nyingi hali kabisa.

Hoja inayosikika kuliko zote ni hii: mbona niliweka, na vifo vikakoma? Vilikoma, lakini hilo halithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyovikomesha. Kideri huletwa na virusi, na OTC haivigusi. Kikishapita bandani, waliokuwa wafe wamekufa na waliobaki wamebaki. Kuhara damu kwa vifaranga kunaletwa na koksidia, ambao si bakteria na wana dawa zao. Hata pale ugonjwa unapokuwa wa bakteria kweli, kama homa ya matumbo ya kuku, dawa inaweza kupunguza vifo bila kumtoa salmonela kwa wote; kuku aliyepona hubaki akimbeba, na chakula au matandazo machafu yanamrudisha kwa wengine dawa ikiisha.

Gharama ya kutumia dawa hivi hailipwi na mfugaji peke yake. Dozi ndogo ya muda mrefu inawazuia bakteria dhaifu na kuwaacha sugu watawale, nao wanatoka na kinyesi hadi kwenye matandazo tunayoyamwaga kama mbolea kwenye mchicha, na mvua kubwa zinawasomba hadi majarubani. Mabaki ya dawa yanaingia kwenye mayai yanayouzwa sokoni. Msiniambie Wazungu walikuza kuku hivyohivyo: Kamati ya Swann ya Uingereza ilionya tangu 1969, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo za mwisho Januari 1, 2006.

Shida yenyewe ni maji. Bonde letu, la Ifakara, Mang'ula na Mlimba, lina mpunga mwingi, kwa hiyo pumba laini ni chakula cha bei nafuu na maganda yake ni matandazo ya bei nafuu, na vyote viwili vinatoka mashineni wakati mmoja na kurundikwa pamoja. Geuza gunia lililolazwa kwenye saruji wiki moja ya mvua: chini utakuta pumba zimegandana na zina harufu ya kuchacha, huku juu zikiwa kavu. Hizo za chini usiwape kuku, na usizichanganye na kavu ili kuokoa hela. Pumba zilizoloa huota ukungu, na sumu ya ukungu haiondolewi na antibayotiki yoyote.

Basi fanyeni haya. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta na panya. Pumba zinunuliwe za kutosha wiki moja au mbili tu. Dagaa walioanikwa mchangani wakaangwe vizuri kabla ya kusagwa. Vyombo vya maji viinuliwe hadi usawa wa mgongo wa kuku, na matandazo yaliyoloa yatolewe siku hiyohiyo. Fumbata matandazo mkononi: yakibaki donge, yana maji mengi. Kundi likiisha, toa yote, osha, kausha, ndipo upulize dawa ya kuua vijidudu. Matandazo ya zamani yarundikwe yachemke wiki kadhaa kabla ya kwenda shambani. Chanjo zifuate ratiba. Na kuku akifa, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kabla hajaoza, akampasue na kusema ni ugonjwa gani. Dawa inunuliwe baada ya hapo.