Barcelona kwa Siku Mbili

Mwanafunzi anayefika Barcelona Ijumaa jioni hukuta jiji ndiyo kwanza linachangamka: chakula cha usiku huliwa saa tatu au nne, na Jumamosi treni za chini ya ardhi hukesha. Asubuhi ya Jumamosi ni ya Boqueria, soko la samaki, nyama na matunda kando ya mtaa wa La Rambla (wezi wa mifukoni nao huamkia huko), kwani Jumapili hufungwa. Kanisa la Sagrada Família, lililoanza kujengwa mwaka 1882, huhitaji tiketi iliyokatwa mapema. Ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi, lakini nguzo zake zinazotanuka juu kama matawi ya miti zinastahili gharama hiyo. Jumapili yatosha ufuo wa Barceloneta, usio na kiingilio. Sehemu kubwa ya pwani ya jiji ilikuwa viwanda na reli hadi ilipotengenezwa upya kwa Olimpiki ya 1992.