Damu yako hubadilika ikichelewa njiani

HUENDA siku moja, msomaji, ukaombwa kutoa damu, si kwa ajili ya matibabu yako, bali kusaidia utafiti. Utadungwa sindano na kurudi nyumbani. Lakini je, wajua kwamba chembechembe za damu hiyo huendelea kufanya kazi hata baada ya kutoka mwilini?

Ndani ya chembechembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, mna jeni, yaani maagizo ya urithi. Jeni ikifanya kazi hutoa nakala za ujumbe ziitwazo RNA. Watafiti hupima nakala hizo ili wajue mwili unapambana vipi na ugonjwa.

Tatizo ni kwamba damu ikikaa saa chache kichupani, baadhi ya jeni huzidisha ujumbe na nyingine hunyamaza.

Hata namna ya kutenganisha chembechembe huleta tofauti. Njia iliyoenea, iliyoelezwa na Arne Bøyum wa Norway mwaka wa 1968, ni kumimina damu polepole juu ya maji mazito maalumu na kuizungusha kwa mashine. Chembechembe nyekundu huzama, na katikati hubaki utando mwembamba mweupe unaochotwa. Lakini neutrofili, ambazo kwa kawaida ni nyingi kuliko chembechembe nyingine nyeupe za mtu mzima, nazo huzama, na ujumbe wake hukosekana.

Njia nyingine hunasa aina moja ya chembechembe kwa sumaku, ila kule kunaswa kwaweza kuzishtua. Ya tatu hutia damu yote katika kichupa chenye dawa ya kuhifadhi ujumbe papo hapo. Hapo nako, ujumbe wa hemoglobini huwa mwingi hata ukafunika ule wa kinga.

Chukua mfano huu. Damu ya wagonjwa yatoka zahanati ya mbali na kufika maabara baada ya saa sita. Ya watu wenye afya yapimwa mara moja. Tofauti itakayoonekana yaweza kuwa ya safari, wala si ya ugonjwa, na kipimo kitakachobuniwa kutokana nayo kitawapotosha madaktari na wagonjwa.

Kinga ni kutumia njia moja na muda sawa kwa damu zote, na kuandika saa ilipotolewa. Nawe ukiombwa damu ya utafiti, usione haya kuuliza itapelekwa wapi na itakaa kwa muda gani. Ni haki yako.