Mazoezi na Afya ya Moyo (3): Ketobeli na kitambi

Wiki iliyopita tulimaliza habari ya kutembea na kukimbia. Leo tunaingia kwenye vyuma, na nimechagua kimoja tu: lile tufe la chuma lenye mpini juu ambalo vijana wa jimu wanaliita ketobeli. Linasifiwa kwamba linajenga moyo, linaongeza pumzi na kuondoa kitambi kwa mpigo mmoja. Mawili ya kwanza yana ukweli, kwa masharti. La tatu linapotosha watu wengi.

Asili yake ni sokoni. Huko Urusi lilikuwa jiwe la mizani la kupimia nafaka, na kipimo chake kilikuwa pudi, yaani kilo 16 na ushee. Wenye nguvu zao wakaanza kutambiana kwa kulinyanyua. Mwaka 1885 daktari Vladislav Kraevsky alianzisha klabu ya wanyanyua vyuma mjini St Petersburg, na mchezo wa soko ukaingia katika mikono ya wataalamu. Hata leo ketobeli za kilo 16, 24 na 32 zinafuata hesabu ileile: pudi moja, moja na nusu, mbili.

Zoezi lake kuu ni kubembeza. Simama, miguu iachane kupita kidogo upana wa mabega. Shika mpini kwa mikono miwili, kisha sukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa mizigo. Magoti yapinde kidogo tu, mgongo ubaki umenyooka. Chuma kikishapita katikati ya mapaja, kaza makalio na usimame kwa nguvu. Kitapaa chenyewe hadi usawa wa kifua. Toa pumzi hapo kinapopaa. Kazi ya mikono ni kushika tu. Anayeinua kwa mabega huchoka mabega kabla moyo haujashughulika, na anayepinda mgongo anajitafutia maumivu ya kiuno.

Moyo unakwenda mbio kwa sababu mapaja, makalio na mgongo, misuli mikubwa kuliko yote, inadai damu kwa wakati mmoja. Watafiti wa Marekani waliwapima vijana 10 waliobembeza kilo 16 kwa dakika 12, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Mapigo ya moyo yalifika takriban asilimia 87 ya upeo wao, lakini matumizi ya oksijeni yalikuwa asilimia 65 hivi. Pengo hilo lina maana. Moyo unaodunda kwa kasi si lazima uwe unafanya kazi sawa na ya mkimbiaji, kwani misuli iliyokazwa hubana mishipa na kuupa moyo taabu ya ziada. Nchini Denmark, wafanyakazi waliofanya ketobeli mara tatu kwa wiki kwa wiki 8 walipata nafuu ya maumivu ya shingo na mgongo, ila pumzi yao haikuongezeka. Kwa hiyo mimi simshauri mtu aache kutembea au kukimbia kwa sababu amenunua chuma.

Sasa kitambi. Soda moja ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na dakika 10 za kubembeza zinatosha kufuta hiyo soda tu. Ushahidi mzito kwamba mazoezi pekee hayatoshi umetoka kwetu Tanzania, kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, wanaotembea sana wakiwinda na kuchimba mizizi. Herman Pontzer na wenzake walipima nishati wanayotumia kwa siku na kuchapisha matokeo mwaka 2012: ukizingatia ukubwa wa mwili, haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili una namna ya kubana matumizi kwingine. Mafuta hupungua hasa kwa kupunguza chakula.

Ila anayepunguza chakula bila kugusa vyuma hupoteza misuli pamoja na mafuta. Mizani itamsifu, naye anadhoofika. Hapo ndipo vyuma vina thamani kubwa: vinauambia mwili kwamba misuli bado inahitajika. Pima kiuno kwa utepe, usitegemee kilo peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, juu ya dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani.

Asiye na fedha ya ketobeli aanze na dumu la lita 5 lililojaa mchanga mkavu, karibu kilo 8. Aliinue kutoka chini na kulirudisha kwa mwendo uleule wa nyonga, asilibembeze, maana mpini wa plastiki unaweza kukatika. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, na asibane pumzi wakati wa kuinua, kwa kuwa presha hupanda ghafla. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, weka chuma chini na uende hospitali mara moja.

Wiki ijayo: kamba ya kuruka na magoti ya watu wazito.