Fahamu: Vyuma vya mgongo wa mtoto vinapoleta shida miaka baadaye
Mtoto wa Mbeya au Iringa mwenye kibiongo kikubwa mara nyingi hupewa rufaa hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Daktari hufunga skrubu na fito za chuma kwenye pingili za uti wa mgongo, kisha hupandikiza mfupa ili pingili ziungane. Chuma hushikilia tu. Kazi yenyewe ni ya mfupa. Ndiyo maana ufito ukikatika miaka kadhaa baadaye, swali la kwanza ni kama mfupa uliunga.

Maambukizi ya kuchelewa ndiyo yanayodanganya zaidi. Bakteria wa kawaida wa ngozi, Cutibacterium acnes, anaweza kujibanza kwenye chuma kwa miaka bila kuleta homa. Kisha kijipu hutokea kwenye kovu, hupasuka, hukauka, hurudi. Mzazi hununua vidonge duka la dawa. Usaha unapungua, bakteria wanabaki palepale. Tiba mara nyingi ni kuvitoa vyuma, kusafisha na kutumia antibayotiki. Mfupa ukiwa umeunga, mgongo kwa kawaida hubaki imara, ingawa kwa wengine hupinda tena.

Kovu likivuja au maumivu mapya yakianza, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au ya Mkoa wa Iringa, ukiwa na eksirei za zamani na karatasi za upasuaji. Miguu ikilegea, usisubiri tarehe ya kliniki.