Mmarekani na njaa ya bibi yangu

Juma lililopita nilimtaja kwa kupita tu mwanahistoria mmoja wa Marekani aliyeandika habari za mikoa yetu ya kati. Kesho yake nikasimamishwa sokoni hapa Singida na mzee mmoja muuza vitunguu. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo Mmarekani alikuwapo?" Nikamjibu kwamba hakuwapo. "Basi anajua nini?" Nililipia vitunguu vyangu nikaondoka bila jibu, na tangu siku hiyo swali lake halijanitoka.

Kwanza tujiulize Wamarekani walifikaje huku. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vyuo vikuu vyao vingi havikuona kwamba Afrika ina historia ya kufundishwa darasani. Waliopinga jambo hilo mapema walikuwa Wamarekani weusi, akina W.E.B. Du Bois na Carter G. Woodson. Mlango ulifunguka hasa baada ya mwaka 1957, Warusi walipotangulia kurusha chombo angani. Serikali ya Marekani ilishtuka, na mwaka 1958 ikapitisha sheria ya kutoa fedha za elimu, zikiwemo za kufundisha lugha za kigeni. Kiswahili kikapata fungu lake. Kwa hiyo chombo cha Warusi kilipita juu kabisa, na kijana wa Kimarekani akajikuta darasani anajifunza "hujambo". Dunia ina mambo.

Sasa nije kwa yule niliyemtaja. Jina lake ni Gregory Maddox, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Texas Southern, mjini Houston. Mwaka 1990 alichapisha makala juu ya njaa iliyoipiga nchi ya Wagogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Wagogo wanaiita Mtunya, yaani kunyang'anyana. Tukumbuke kwamba Ugogo hauishii Dodoma, maana sehemu kubwa ya watu wa Manyoni, ndani ya mkoa wetu huu, ni Wagogo.

Vitabu vya shule tulivyosoma sisi vilisema kwa ufupi kwamba mvua ilikosekana na watu wakafa. Maddox alikwenda mbele zaidi. Alionyesha kwamba kabla ya mvua kukosekana, majeshi yalikuwa yameshapita. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mwaka 1916 wakaingia Waingereza, nao wakachukua vilevile. Ukame ulipokuja, ghala lilikuwa tupu, zizi lilikuwa tupu, na vijana wa kulima au kwenda mbali kutafuta chakula hawakuwapo. Kwa hesabu yake, katika watu kama 150,000 walikufa 30,000. Mmoja katika kila watano! Hebu hesabu watu wa nyumba yako.

Lakini mimi nilivutwa zaidi na jambo jingine. Maddox aliwasikiliza Wagogo wenyewe wanavyoielezea Mtunya, akagundua kwamba kwao si habari ya vifo tu. Wanasema ndipo walipopoteza uwezo wa kujitegemea. Baada ya hapo, ili mtu aishi na alipe kodi, ilimbidi auze nguvu zake au mifugo yake kwa masharti yaliyopangwa na wengine. Maelezo hayo hakuyatoa Texas, aliyapata kwa wazee.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, wa upande wa Kilimatinde, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao. Bibi hakujua mwaka aliozaliwa. Alisema tu kwamba wakati wa Mtunya alikuwa msichana mdogo wa kuchunga ndama, na kwamba ndama walikwisha. Alisema walikwenda mbali kutafuta mtama, na dada yake akaachwa kwa watu waliowapa mtama huo. Hawakumwona tena. Utotoni tuliyasikia hayo kama hadithi za jioni, za kumfanya mtoto amalize ugali wake.

Mwingine ni Harold Schneider. Yeye hasa alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii na mila za watu, lakini kwa sisi wa Singida hatuwezi kumwacha. Alikaa na Wanyaturu mwaka 1959 na 1960, na kitabu chake juu yao kilitoka mwaka 1970. Wakati ule maofisa wengi waliamini kwamba mfugaji wa Kiafrika anarundika ng'ombe kwa kujionyesha tu. Schneider akafuatilia mashamba na mazizi. Akaona kwamba ardhi ya Unyaturu inataka samadi ili itoe uwele na mtama wa kutosha. Mwenye ng'ombe wengi hupata samadi nyingi, hivyo huvuna nafaka nyingi, na nafaka ya ziada huigeuza kuwa ng'ombe tena. Kwa maneno mengine, zizi lilikuwa benki, tena benki yenye faida. Wapo wenzake waliosema kwamba alimwona Mnyaturu kama mfanyabiashara kupita kiasi, na huenda wana haki. Lakini mtu aliyekulia Singida akiona jinsi samadi inavyogombewa, atamwelewa.

Christopher Ehret wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia njia isiyo ya kawaida, yaani maneno. Eneo letu na mikoa jirani lina jambo la ajabu. Utamkuta Mnyaturu na Mnyiramba wenye lugha za Kibantu, Mbarbaig mwenye lugha ya Kiniloti, Mwiraqw mwenye lugha ya Kikushi, na Mhadzabe na Msandawe wenye lugha za kubofya ulimi. Ehret alichambua ni nani aliazima neno gani kwa nani. Ukikuta watu wameazima maneno ya ufugaji kwa jirani, basi waliwahi kuishi naye na kujifunza kwake, hata kama jirani huyo ametoweka. Tarehe zake zimebishaniwa sana na wataalamu, na hadi leo hawajakubaliana.

Wapo wengi wengine. Steven Feierman aliandika juu ya Usambaa. Susan Geiger, katika kitabu cha mwaka 1997, alionyesha kwamba Bibi Titi Mohamed na akina mama wa TANU hawakungoja wasomi wawafundishe utaifa. Nao wanastahili juma lao.

Nirudi kwa mzee wangu wa vitunguu. Mwaka 2006 Maddox alitoa kitabu juu ya uandishi wa historia katika Tanzania ya kati, na jaladani kuna jina la pili, Ernest Kongola. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa huko Dodoma aliyeandika kwa Kiswahili historia za koo na za watu wa kwao, kwa jitihada zake mwenyewe. Kabla ya hapo, mwaka 1995, kilitoka kwa Kiingereza kitabu cha Mathias Mnyampala juu ya Wagogo, kwa tafsiri ya Maddox huyohuyo. Mnyampala alikuwa amekichapisha kwa Kiswahili mwaka 1954. Kwa hiyo, mzee wangu, Mmarekani hakuwapo, ila aliwauliza waliokuwapo na akawasoma walioandika. Sisi tuliokuwa nao nyumbani tulifanya nini?

Mimi nitasema yangu. Mwaka 1991 nilimrekodi bibi kwenye kaseti, pande zote mbili. Nilimwuliza jina la dada yake, akalitaja. Miaka miwili baadaye, bibi akiwa ameshafariki, niliitafuta kaseti ile nikaikuta ina muziki wa dansi, upande wa kwanza hadi wa pili. Mtoto wa nyumbani alikuwa amekosa kaseti tupu. Sikumgombeza, kwa sababu sikuwa nimeiandika chochote juu yake. Mama yangu halijui jina lile, na mjomba halijui.

Juma hili nimemwomba mzee wa vitunguu nifike kwake Jumamosi na simu yangu ya mkononi, anihadithie ya kwao. Amekubali, kwa sharti kwamba nimsomee kwanza aliyoyasema Mmarekani, ili amsahihishe.