Kuipa Mashine Amri kwa Mkono

Mtu apitaye Katwe, jijini Kampala, husikia tangu asubuhi milio ya nyundo na misumeno. Mafundi wa mahali hapo wamesifika kwa miaka mingi kwa kutengeneza kwa mikono yao vitu ambavyo wengine huviagiza kutoka ng'ambo. Nje ya jiji, upande wa mashariki, huko Namanve, iko karakana ya namna nyingine. Ni kituo cha ufundi wa mashine cha Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ya Uganda, kilichojengwa kwa msaada wa serikali ya China na kuzinduliwa mwaka 2020. Humo zimo mashine za kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta, ambazo mafundi huziita kwa herufi tatu, CNC.

Wengi waionao mashine hiyo ikifanya kazi hudhani kwamba fundi hana tena kazi isipokuwa kubonyeza kitufe cha kijani na kungoja. Dhana hiyo si sahihi, na ndani yake mna hatari. Kabla ya programu ndefu kuanza, ni lazima mtu akiwashe kisu, akisogeze hadi penye chuma, na kupima kama kila kitu kiko mahali pake. Tena zipo kazi zisizohitaji programu kabisa: kusawazisha uso mmoja wa bonge la chuma, au kutoboa tundu moja katika kipuri cha gari la kikosi ambalo aina yake haitengenezwi tena. Kwa kazi za namna hiyo fundi huichagua hali iliyoandikwa MDI katika ubao wa vitufe, akaandika amri moja, akaitekeleza, kisha akaandika nyingine. Huko ndiko kuipa mashine amri kwa mkono.

Asili ya ufundi huu si ngeni kwa watu wa majeshi. John Parsons wa Michigan, Marekani, ambaye kampuni yake ilitengeneza mapanga ya helikopta, ndiye aliyebuni njia ya kuongoza mashine kwa tarakimu. Jeshi la Anga la Marekani likaigharamia kazi hiyo, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha hadharani mashine ya kuchonga iliyosoma amri zake katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Utepe umekwisha kutoweka, lakini wazo la kuiongoza mashine kwa tarakimu limebaki.

Amri yenyewe ni herufi na tarakimu. X, Y na Z ni pande tatu za mwendo: kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. G00 maana yake ni kwenda kwa kasi yote bila kukata. G01 ni kwenda huku kisu kikikata. S ni mizunguko ya kisu kwa dakika, F ni mwendo wa kukata, M03 huanzisha mzunguko, na M05 huusimamisha. Hesabu nayo haikwepeki. Kisu cha upana wa milimita 10, kikikata chuma laini kwa kasi ya mita 25 kwa dakika, chahitaji mizunguko ipatayo 800. Ikiwa kina meno manne, na kila jino lichukue sehemu tano za mia za milimita, mwendo wake ni milimita 160 kwa dakika. Hivyo fundi huandika S800 M03, na baadaye F160. Yeyote asiyeweza kueleza tarakimu hizo zimetoka wapi hastahili kuziandika.

Sasa lipo jambo ambalo askari atalielewa upesi kuliko raia. Kikosi kikiamriwa katika gwaride "mbele tembea", hakiishii hatua moja; huendelea kutembea mpaka kiamriwe "simama". Mashine nayo ina amri nyingi za aina hiyo, zidumuzo mpaka zifutwe na nyingine. Aliyeandika G01 asubuhi na kuiacha, ataikuta ingali inatawala. Tofauti ni kwamba kikosi kina macho: kikikaribia ukuta, kitapunguza mwendo hata kabla ya amri. Mashine haina macho hayo.

Kati ya amri hizo zidumuzo, G90 na G91 ndizo zinazoleta ajali za kusikitisha zaidi. G90 ni kama kumpa askari namba za ramani: nenda mahali fulani, popote ulipo sasa. G91 ni kama kumwambia asogee hatua kadhaa kutoka aliposimama. Tuseme kisu kiko milimita 50 juu ya chuma, na uso wa chuma umehesabiwa kuwa sifuri. Mwanafunzi ataka kukishusha milimita 5 tu, naye aandika G00 Z-5. huku akidhani mashine iko katika G91. Kumbe iko katika G90. Kisu kitashuka milimita 55, na kitaingia milimita 5 ndani ya chuma kwa kasi yote. Kisu huvunjika, vipande huruka, na mhimili unaokishika, ambao ndio sehemu ya thamani kubwa katika mashine, waweza kupinda.

Nukta ya desimali nayo si ya kudharauliwa. Katika mashine nyingi, Z100. yenye nukta ni milimita 100, lakini Z100 isiyo na nukta ni sehemu 100 za elfu, yaani moja ya kumi ya milimita. Katika mashine nyingine, nukta ikikosekana tarakimu husomwa kuwa milimita kamili. Fundi aliyezoea aina hii ya pili akikabidhiwa ile ya kwanza, ataandika Z100 akitaka kuinua kisu juu kabisa, nacho kitasimama karibu kuugusa uso wa chuma. Amri yake ya pili, ya kwenda pembeni kwa kasi, itakipeleka kisu moja kwa moja kwenye vibano au taya za jiliwa. Hakuna kosa dogo kuliko hilo kwa macho, wala ghali kuliko hilo kwa kiwanda.

Njia ya kujikinga haina siri. Katika kioo cha mashine huonyeshwa amri zote zinazotawala wakati huo. Hizo husomwa kwanza. Kisha G21 ya milimita na G90 au G91 huandikwa waziwazi pamoja na amri mpya, hata kama yaonekana ni kurudia. Mwendo wa kasi hupunguzwa kwa swichi yake hadi kiwango cha chini kabisa, na mkono mmoja hukaa juu ya kitufe cha kusimamisha mwendo. Kitufe chekundu cha dharura kiwe karibu pia, ingawa anayekitegemea hicho peke yake amekwisha kuchelewa. Jaribio la kwanza hufanywa hewani, kisu kikiwa mbali na chuma.

Baadhi ya walimu huwapeleka wanafunzi haraka kwenye programu zinazotungwa na kompyuta, kwa kuwa kazi yake hupendeza wageni. Ingekuwa afadhali wiki za mwanzo zitumike kwa amri moja moja, mwanafunzi akiitamka kwa sauti na kusema kisu kitasimama wapi kabla hajabonyeza, kama vile askari anavyorudia amri mbele ya mkubwa wake.

Mabadilishano ya zamu yana haja ya uangalifu wa pekee. Askari hakabidhi lindo bila kusema lililotokea na lililobadilika. Vivyo hivyo fundi anayeondoka yampasa kukiinua kisu, kuusimamisha mhimili, kuirudisha mashine katika G90, na kumweleza mwenzake kipimo cha kisu kilichobaki ndani. Na yule anayeingia, hata akiambiwa hayo yote, atakisoma kioo kwa macho yake mwenyewe kabla ya kuandika herufi ya kwanza.