Spika za darini: Mwenye banda aanze na dari

FEDHA za ufuta huingia mkoani Lindi katikati ya mwaka, na zile za korosho huanza kuonekana Oktoba hivi, minada ya stakabadhi ghalani inapofunguliwa. Kwa mwenye banda la video maeneo kama Nyangamara, hiyo ndiyo miezi ya kujaza mabenchi, na ndiyo miezi ambayo mtaji mdogo hutafuta pa kwenda. Kishawishi kimojawapo ni seti ya muziki yenye spika za juu, ile inayofanya helikopta ya kwenye filamu isikike ikipita kichwani mwa mtazamaji.

Bidhaa yenyewe si ya ulaghai. Kampuni ya Dolby iliingiza mfumo wake wa Atmos katika majumba ya sinema mwaka 2012, na mwaka 2014 ukaanza kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Kwenye boksi huandikwa, kwa mfano, 5.1.2. Tano ni spika za usawa wa masikio, moja ni sabufa, mbili ni za juu. Boksi lililoandikwa 5.1 pekee halina spika ya juu, muuzaji aseme atakavyo.

Tatizo liko kwenye banda. Zipo spika zinazofungwa darini, na zipo zinazowekwa juu ya zile za mbele zikirusha sauti ipige dari na kurudi kwa watazamaji. Za aina hii ya pili hutaka dari bapa na gumu, lenye urefu wa mita 2.3 hadi 3.7 hivi. Bati lililoinama juu ya kenchi huipeleka sauti pasipotakiwa. Tena mvua ikinyesha juu ya bati tupu, hakuna spika itakayoshindana nayo.

Hata za kufunga darini zina mpaka wake. Hupangwa kwa kumlenga mtu aliyekaa katikati ya chumba. Kwenye banda la mabenchi sita, benchi moja au mawili ndiyo yatakayofaidi. Waliobaki wamelipa kiingilio kilekile.

Aidha, mwekezaji ajiulize anaonyesha nini. Sauti ya Atmos huja kwenye diski za Blu-ray au kwa intaneti. DVD ya kawaida haiibebi. Filamu za kutafsiriwa, za mtindo wa Lufufu, sauti yake ni bapa na mtafsiri amelazwa juu yake. Risiva inaweza kuitawanya sauti hiyo mpaka darini, lakini mteja wa kibanda umiza amekuja kumsikia mtafsiri, au mtangazaji wa mpira. Anayemfikishia maneno yale ni spika ya kati, iliyo chini ya skrini.

Tuchukue mfano, kila mtu aweke bei zake. Banda la watu 40 kwa kiingilio cha sh. 500 hupata sh. 20,000 likijaa. Spika mbili za juu na risiva yake zikigharimu sh. 800,000, hayo ni maonyesho 40 yaliyojaa, kabla ya umeme, king'amuzi na leseni inayotakiwa na sheria ya filamu ya mwaka 1976. Na spika hizo haziongezi kiti hata kimoja.

Fedha hiyohiyo ikienda kwenye siling bodi, stebilaiza na spika ya kati iliyo nzuri, benchi la nyuma litasikia na joto la bati litapungua. Joto ndilo linalowatoa watu mchana.

Mwenye nyumba ya wageni Kilwa Masoko au Lindi mjini, mwenye sebule ndogo, dari bapa na intaneti ya uhakika, hesabu yake ni nyingine. Huyo anaweza kununua 5.1.2 bila wasiwasi. Mwenye banda amwambie fundi apitishe nyaya za spika kabla ya kugonga siling bodi. Waya ni rahisi, kubomoa dari ni ghali.